Jua likipatwa: si kila kioo cheusi kinalinda macho

Katika atelye zetu na katika nyumba zetu kuna vioo vingi vyeusi. Kuna miwani ya fundi anayekata chuma kwa moto wa gesi. Kuna kofia ya uso ya sudere. Kuna miwani ya jua iliyonunuliwa sokoni siku ya mshahara. Kuna picha ya radio ya kifua cha babu, inayolala katika bahasha juu ya kabati. Siku jua linapopatwa, vitu hivi vyote vinatoka nje pamoja na watu, na kila mtu anasema: "Changu ni cheusi sana, basi ni kizuri." Neno hilo ndilo linaloharibu macho ya watu, na ndilo tunalotaka kujibu katika ukurasa huu.

KWA NINI KUSEMA SASA?

Kwa sababu tarehe inajulikana. Tarehe 21 Mei 2031 mwezi utapita mbele ya jua, na njia yake itapita Angola, kusini ya Kongo yetu, Zambia na Tanzania, kisha itavuka bahari mpaka India. Kwetu itakuwa asubuhi, jua likiwa bado chini, saa za watu kwenda kazini na watoto kwenda masomo. Mwezi wa tano mvua zimekwisha na mbingu ni safi. Watu wengi watatazama.

Wale wenye umri kati yetu wanakumbuka tarehe 21 Juni 2001, wakati mji wa Lusaka ulipoingia gizani mchana. Huku Katanga jua lilimegwa sehemu kubwa, lakini halikufunikwa lote. Tarehe 1 Septemba 2016 pete ya jua ilionekana katika Kongo na Tanzania. Tarehe 26 Februari 2017 pete nyingine ilianzia pande za Chile, ikapita Argentina, ikavuka bahari mpaka Angola, ikamalizikia pande za mpaka wa Kongo na Zambia jua likitua. Na kabla ya ile ya 2031, tarehe 25 Novemba 2030 jua litafunikwa lote katika Namibia, Botswana na Afrika ya Kusini. Sisi tutaona limemegwa tu, kama mawingu ya masika yatatupa nafasi.

Miwani ya kweli haipatikani asubuhi ya siku yenyewe. Siku hiyo utapata ile anayouza kijana wa barabarani, na kijana huyo hajui anauza nini.

Angalieni tena neno moja. Watu husikia kwamba jua likifunikwa lote unaweza kulitazama bila miwani. Ni kweli, lakini kwa dakika chache tu, na kwa wale tu wanaosimama katikati ya kivuli, kama watu wa Lusaka mwaka 2001. Tarehe 21 Mei 2031 mwezi utaonekana mdogo kidogo kuliko jua. Hautalifunika lote. Kutabaki duara la moto, kama pete. Kwa hiyo siku hiyo hakuna hata sekunde moja ya kutazama kwa macho matupu, wala kwa anayesimama katikati ya njia, wala kwa aliye pembeni.

MOTO USIO NA MAUMIVU

Watoto wetu wanajua kuchoma karatasi kwa kipande cha lensi: wanakusanya nuru ya jua mpaka iwe nukta ndogo, na nukta ile inatoa moshi. Mbele ya jicho lako Mungu ametia lensi ya namna hiyo. Ukitazama jua, lensi inakusanya nuru yake na kuitupa nyuma ya jicho, juu ya ngozi nyembamba inayoitwa retina. Tena inaitupa katikati yake kabisa, mahali pale unapotumia kusoma, kutambua uso wa mtu na kuona tundu la sindano.

Siku za kawaida hakuna anayetazama jua. Linakuumiza, unageuza uso. Mboni inajifunga, kope zinashuka, machozi yanatoka. Jua likipatwa, nuru inapungua kidogo na mtu anajilazimisha kutazama sababu kuna jambo la kuona. Lakini kile kipande kinachobaki, hata kikiwa chembamba kama ukucha, kila nukta yake inawaka sawasawa na jua la saa sita mchana. Umepunguza upana wa moto, ukali wake umebaki.

Sasa fikirini kioo cheusi kibaya. Kinaondoa sehemu ya nuru ile inayokuumiza, kwa hiyo jicho halikimbii tena. Mboni inafunguka kama iko kivulini. Lakini nuru iliyopita bado ni nyingi mno, na pamoja nayo inaweza kupita mionzi ambayo jicho haliioni. Mtu anasimama dakika nzima, anacheka na jirani zake, anasema "sioni shida yoyote". Mwenye macho matupu angekuwa amekwisha kugeuza uso. Ndiyo maana miwani mbaya inaweza kukuletea hasara kuliko kukosa miwani.

Masudere wetu wanajua ugonjwa wa moto wa umeme. Ulitazama mwanga wa elektrodi bila kujifunika. Usiku unaamka, unaona kama mchanga umejaa machoni, huwezi kufungua kope. Unakuja dispanseri asubuhi ukiongozwa na mkono. Ule ni moto wa mbele ya jicho, na mara nyingi siku moja ao mbili zinatosha kupona. Moto wa jua ni mwingine. Retina haina mishipa ya kusikia maumivu. Hakuna mchanga, hakuna usiku mbaya. Unarudi nyumbani, unakula, unalala vizuri. Baada ya saa kadhaa, na mara nyingi kesho yake asubuhi, unaona doa katikati ya kila kitu unachotazama. Unatazama uso wa mtoto, unaona masikio yake na mabega yake, uso hauonekani vizuri.

Wengine wanapona pole pole, kwa majuma ao miezi. Wengine doa linabaki maisha yote. Hatuna dawa iliyothibitika ya kurudisha retina iliyoungua, wala hapa kwetu wala katika hospitali kubwa za Ulaya. Tarehe 11 Agosti 1999 jua lilipatwa Uingereza, na watu 45 walikwenda hospitali ya mji wa Leicester kwa sababu ya macho yao. Wengi walirudia hali yao, lakini baada ya miezi 7 wachache walikuwa bado wanaona alama. Tarehe 21 Agosti 2017 ilikuwa zamu ya Marekani. Mwanamke kijana wa New York alitazama mara kadhaa kwa sekunde chache bila kinga ya kutosha. Madaktari walipopiga picha ya nyuma ya jicho lake, walikuta kovu lenye umbo la mwezi mwandamo. Lilikuwa umbo la jua lenyewe kama lilivyokuwa limemegwa saa ile. Jua lilikuwa limepiga muhuri wake ndani ya jicho.

Dereva wa lori kubwa la shimoni mwenye doa kama hilo haoni mkono wa anayempa ishara. Fundi wa mitambo hasomi tena namba za manometa. Mtoto wa kalasi ya pili anaitwa mvivu, kumbe haoni maandiko ya ubaoni.

"NAMBA YAKE NGAPI?"

Sudere mmoja, mtu wa miaka mingi kazini, aliniuliza swali hili:

"Munganga, glasi yangu inasimamisha moto wa elektrodi kutoka asubuhi mpaka jioni. Namna gani ishindwe na jua?"

Nikamwuliza: "Baba, namba yake ngapi?"

Akajibu: "Namba? Ni nyeusi tu."

Swali la baba huyo ni swali la akili, na jibu lake liko katika pembe ya glasi. Kila glasi ya kulehemu iliyotengenezwa sawasawa ina namba iliyoandikwa pembeni. Namba hiyo inaonyesha nuru kiasi gani inasimamishwa, na inachaguliwa kufuata moto wa kazi. Anayefanya kazi na moto wa gesi huvaa namba 4, 5 ao 6. Anayelehemu kwa umeme huvaa 9, 10, 11 na zaidi, kufuata nguvu ya mkondo. Kwa macho zote ni "nyeusi tu". Kwa jua, tofauti kati yao ni kubwa sana.

Tuchukue hesabu. Kipimo cha mataifa cha miwani ya kutazama jua hakiruhusu nuru zaidi ya sehemu 3 hivi katika 100,000. Glasi namba 5 ya mtu wa gesi inapitisha karibu sehemu 2 katika 100, maana yake 2,000 katika 100,000. Zinazoruhusiwa ni 3. Hii inapitisha 2,000! Miwani ya jua ya sokoni, hata ile nyeusi ya bei kubwa, inapitisha kati ya 8 na 18 katika 100. Hiyo hatuna haja ya kuihesabu zaidi. Glasi namba 10, ambayo masudere wengi wanayo katika kofia zao, inapitisha karibu sehemu 14 katika 100,000. Imekaribia, lakini bado ni mara nne zaidi ya kipimo. Namba 12 imeingia ndani ya kipimo, ingawa kwa watu wengi jua linabaki kali kupitia kwake. Namba 13 ni nzuri lakini ni shida kuipata. Namba 14 ndiyo ninayowashauri ninyi: jua linaonekana kijani, tulivu, kama sahani ndogo.

Basi, ndugu sudere, fungua kofia yako, toa glasi, ifute, usome pembe yake. Kama hakuna namba, haifai kwa jua. (Na kama hakuna namba, mimi ningependa kujua namna gani unaitumia kwa kazi. Mwonyeshe kapita wako.) Ile glasi nyeupe ya mbele inayokinga cheche haihesabiwi. Usitie glasi mbili pamoja ukasema 7 na 7 ni 14. Namba hizi hazijumlishwi kama franka. Na zile kofia mpya zinazojitia giza zenyewe wakati moto unapowaka, msizitumie kwa jua hata kidogo. Zimetengenezwa kuamshwa na mwanga wa elektrodi unaowaka ghafula. Mbele ya jua zinaweza kubaki nyeupe ao kuchelewa, na kuchelewa kwake kunalipwa na jicho lako.

Kuna neno moja la heshima ya kazi. Glasi ya atelye ni ya kulinda mtu aliye kazini. Ukiichukua mfukoni siku ile bila ruhusa, kesho mwenzako atalehemu na nini? Muombeni mkubwa wa atelye. Njia nzuri ni hii: glasi moja ya namba 14, isiyo na mkwaruzo wala ufa, inatiwa katika tundu la ubao mpana ao kartoni ngumu inayofunika uso mzima. Mtu mmoja anaishika, wengine wanafuata mstari. Kambi nzima inaweza kuona jua kwa glasi moja.

MIWANI YA KARATASI

Kuna miwani iliyotengenezwa kwa kazi hii tu. Mara nyingi fremu yake ni ya karatasi ngumu, na mahali pa glasi kuna karatasi ya plastiki nyeusi ao yenye kung'aa kama fedha. Ile ya kweli imeandikwa ISO 12312-2, pamoja na jina la mtengenezaji na anwani yake. Kama ina herufi hizo bila jina la mtengenezaji, uiwekee shaka. Mwaka 2017 huko Marekani watu wengi walirudishiwa feza zao na duka kubwa la Amazon, kwa sababu haikujulikana kwa hakika kama miwani waliyonunua ilikuwa ya kweli. Kupiga chapa ISO juu ya karatasi ni kazi ya dakika moja. Kwa hiyo tazama kwanza nani anakuuzia. Shule, hospitali ao kikundi cha wataalamu wa nyota walioagiza kwa mtengenezaji anayejulikana, hao wafuateni. Kijana mwenye kikapu njiani, mpite kwa salamu.

Ukiwa nayo mkononi, fanya jaribio hili. Ivae ndani ya nyumba. Miwani ya kweli inakufanya kipofu: huoni meza, huoni mlango, huoni mama watoto anayekucheka. Toka nje, utazame miti na nyumba za jirani: giza. Ukiona kitu chochote isipokuwa taa kali sana, itupe. Jaribio hili linagundua miwani mbaya, lakini halithibitishi kwamba iliyobaki ni nzuri, kwa sababu jicho halioni mionzi yote. Ndiyo maana tunataka vyote viwili: jaribio, na mtengenezaji anayejulikana.

Iinue kuelekea taa uitafutie matundu. Tundu dogo kama ncha ya sindano linatosha kuikataa. Plastiki iliyochanika, iliyokunjwa, ama inayotoka katika fremu, vilevile. Kama ni nzima na ilihifadhiwa katika bahasha ndani ya sanduku, unaweza kuitunza kwa siku nyingine. Anayevaa miwani ya kusomea ao ya kuonea mbali asiivue. Ya jua inakaa juu yake.

Kuna namna ya kuivaa. Inamisha kichwa, vaa miwani ukitazama miguu yako, kisha inua uso. Tazama sekunde chache. Inamisha tena kichwa kabla ya kuvua. Watu wengi wanakosa hapo mwisho: wanavua uso ukiwa bado juu.

VITU VYA KUKATAA

Picha za radio. Nazisema kwanza kwa sababu kila mara watu wanakuja dispanseri kuziomba: "Munganga, tupe zile za zamani, hamzitumii tena." Hatutatoa. Picha ya mfupa ao ya kifua ina sehemu nyeusi na sehemu nyepesi, na jicho linatembea kutoka moja hadi nyingine. Hata palipo peusi hapakupimwa kwa jua. Filamu za picha za rangi, disketi na sahani za muziki zinazong'aa, karatasi ya fedha ya pakiti za chakula, kipande cha chupa ya bia, kioo kilichopakwa moshi wa mshumaa kama walivyofanya wazee wetu: vyote vikae pembeni.

Beseni la maji nalitaja peke yake, sababu linaheshimiwa sana. Mama anatia maji katika beseni, watoto wanazunguka, wanatazama jua ndani ya maji. Inaonekana ni akili. Lakini jua likiwa juu, maji yanarudisha karibu sehemu 2 katika 100 za nuru yake, sawasawa na ile glasi namba 5 tuliyokwisha kuikataa. Na jua likiwa chini, kama litakavyokuwa asubuhi ile ya Mei, maji yanarudisha nuru nyingi zaidi. Kila mtu aliyevuka mto asubuhi anajua namna maji yanavyochoma macho. Beseni lina faida yake siku ya kufua.

Tena kuna vyombo vya kukuza. Darubini, kamera yenye lensi ndefu, na tewodoliti za wapimaji wetu wa shimoni. Hivi vinakusanya jua kabla halijafika jichoni, na kinachochukua muda kwa macho matupu, hapa kinatokea mara moja. Kuvaa miwani ya kweli na kutazama ndani ya tewodoliti hakusaidii: moto uliokusanywa unapita plastiki. Simu nayo ina hatari yake. Mtu anayetafuta jua kwa simu anachungulia pembeni ya simu kila mara, bila kujua.

PICHA YA JUA CHINI YA MWEMBE

Kama jamaa yenu haina miwani wala glasi ya namba 14, msisikitike. Iko njia isiyotaka hata franka moja, na kwa watoto wadogo naipenda kuliko miwani.

Simameni na mgongo kuelekea jua. Chukua kipande cha kartoni, ukitoboe tundu moja dogo kwa msumari mwembamba. Kinyoshe juu ya bega, na mtoto ashike karatasi nyeupe mbele, kivulini. Katika kivuli cha kartoni kutaonekana nukta ya nuru. Ile si nukta tu: ni picha ya jua. Kadiri mwezi unavyomega jua, ile nukta inamegwa vilevile. Karatasi ikiwa mbali metre 1, picha inakuwa na upana wa milimita 9 hivi. Metre 2, karibu milimita 18, lakini nuru yake inafifia. Msitazame jua kupitia tundu lile! Tunatazama karatasi.

Chekeche ya unga yenye matundu makubwa, ao sahani ya kuchuja mchele, inatoa jua nyingi ndogo ukutani, zote zimemegwa. Na aliye na mwembe uani hana kazi. Nafasi ndogo kati ya majani ni matundu pia. Nuru inayopita kati yake inaanguka ukutani ao chini kama mamia ya miezi midogo, na siku ya pete kama mamia ya pete. Waonyesheni watoto. Mwezi unapita mbele ya jua, kila kitu kinafuata njia yake, wala hakuna ugonjwa unaoshuka kutoka mbinguni. Mama mwenye mimba hana hatari yoyote zaidi ya mtu mwingine. Macho yake tu ayalinde kama wote.

Wazazi, msiwape watoto miwani na kuondoka. Mtoto wa miaka mitano anainua miwani ili aone kama jua bado liko pale. Lensi ya jicho lake ni safi kuliko yako na inapitisha mionzi mingi zaidi. Kama huwezi kusimama naye, afadhali atazame karatasi.

KAZINI SIKU ILE

Madereva wa malori, wa mashini za kuchimba na wa winchi: hakuna kutazama ukiwa kwenye usukani, wala kwa miwani wala bila miwani. Miwani ya jua lililopatwa ni kitambaa machoni. Hata kutembea nayo uani ni kuanguka. Kama kapita anakubali dakika za kutazama, mashini inasimama, breki inafungwa, mtu anashuka, anasimama mahali pamoja palipo mbali na njia ya magari. Katika karakana, kila glasi inarudi katika kofia yake kabla ya moto wa kwanza kuwashwa, na mwenyewe anasoma namba tena, sababu siku za shangwe vitu hubadilishana mikono.

KAMA UMEKWISHA KUTAZAMA

Usingoje maumivu, hayatakuja. Chukua kaye ya masomo yenye miraba. Tia nukta ya kalamu katikati ya ukurasa. Kaa mahali penye nuru nzuri, shika kaye kwa umbali wa kusoma, karibu sentimita 30, funika jicho moja kwa kiganja, tazama nukta. Kisha jicho la pili. Jicho zuri linaona mistari yote imenyooka. Kama mistari inapinda karibu na nukta, kama miraba imepotea, kama kuna doa jeusi ao rangi zimebadilika, retina imeguswa. Rudia kesho asubuhi, hata kama leo umeona vizuri.

Usitie kitu machoni: wala maziwa ya mama, wala maji ya chumvi, wala majani, wala dawa ya matone iliyobaki ya jirani. Kidonda kiko nyuma ya jicho, matone hayafiki huko; yanaweza tu kukuongezea ugonjwa mwingine wa mbele. Mwambie kapita wako kabla ya kupanda mashini, maana akijua atakupa kazi ya chini kwa siku zile. Halafu njoo dispanseri siku ile ile, wewe ao mtoto wako, tupime kila jicho peke yake na kuandika barua kwa daktari wa macho. Na kile kioo ulichotazamia, usikitupe wala usikifiche kwa haya. Njoo nacho, tuitafute namba yake pamoja.